Jinsi ya kuskiliza Forces of Victory ya Linton Kwesi Johnson kama kile Kiingereza kinakupiga chenga

Kila mtu ninayempa hii albamu ya Johnson, mshairi wa rege wa Uingereza, ananijibu kitu kimoja, biti kali sana ila huyo jamaa anaongea nini. Sasa ukiiskiliza kama rege ya kutikisia kichwa tu kwenye daladala utakuwa hujaiskia kabisa, kwa iyo leo nataka nikupe njia, maana hii kitu ya mwaka 1979 naipenda kuliko albamu yoyote niliyonayo.

Kwanza achana na spika ya simu. Tafuta hedifoni au spika inayotoa besi, kwa sababu mashairi ya Johnson yanatembea juu ya besi, yeye haimbi, anaongea, alafu besi ndo inamshika mkono. Muziki ameusimamia Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, na nyimbo ziko nane tu kwa iyo hutachoka.

Pili lugha. Jamaa kazaliwa Chapelton, Jamaica, 1952, akaenda London kwa mama yake akiwa na miaka 11, wakakaa Brixton, mtaa wa London, na anaandika patwa, ile lugha ya mtaani ya Jamaica iliyojaa Kiingereza, vile vile inavyotamkwa mdomoni. Kwa iyo tafuta maneno yake yaliyoandikwa ila usiyasome kimya kimya, yasome kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili, utashangaa macho yaliposhindwa sikio limeelewa. Ukishajua vineno vichache umefika mbali: "fi" ni kwa au kwa ajili ya, "inna" ni ndani ya, "dem" ni wao, "noh" ni si. Basi It Noh Funny, moja ya nyimbo humu, ni haichekeshi, imeisha hiyo.

Tatu, na hapa usiruke, anza na Sonny's Lettah, usianze na traki ya kwanza. Kabla hujaplei ujue kitu kinaitwa sus. Ilikuwa sheria ya Uingereza ya tangu 1824 ya uzururaji, na uzururaji sisi tunaujua vizuri maana sheria za namna hiyo Waingereza walizileta mpaka huku. Polisi anakukamata kwa kukushuku tu kwamba una nia ya kufanya kosa, hakuna kilichoibiwa wala aliyelalamika, na waliokuwa wanaisoma namba London miaka hiyo ya 70 ni vijana weusi.

Sasa skiliza. Ni barua kutoka gereza la Brixton, inaanza na anwani, alafu anamsalimia mama na kumtakia afya njema, yani zile zile salamu za barua zetu za zamani, natumai barua hii itakukuta u mzima. Ndo maana inauma, kwa sababu baada ya hizo salamu mtoto anayeandika, Sonny, anakosa pa kuanzia. Aliahidi kumwangalia mdogo wake Jim. Walikuwa kituoni wanasubiri basi, saa za watu kurudi makwao, gari la polisi likasimama wakashuka askari watatu, wakamkamata Jim na kuanza kumpiga. Hapo fuatilia namna anavyohesabu mapigo, moja moja, tumbo, mgongo, mbavu, kila pigo na mstari wake, alafu Sonny anapoingilia na yeye kupiga mpangilio unarudi ule ule, mpaka askari mmoja anaanguka na kufa. Jim kafunguliwa kesi ya sus, Sonny ya mauaji, na bado ndo yeye anayemwambia mama asikate tamaa. Irudie mara tatu kabla ya kwenda kwingine. Sheria yenyewe ilifutwa 1981.

Zilizobaki skiliza kwa mpangilio wake, ila jua tu kwamba jina la albamu lina uhusiano na kundi la kanivali la Race Today, jarida la wanaharakati weusi wa London, kwenye kanivali ya mtaa wa Notting Hill, ndo maana ule wimbo wenye jina la albamu una shangwe kuliko wenzake.

Ukishazoea tafuta LKJ in Dub ya 1980 (LKJ ni herufi za jina lake), humo Bovell kachukua baadhi ya nyimbo hizi akaondoa maneno, ikabaki ngoma, besi na mwangwi, mtindo unaoitwa dub, uliotoka Kingston, Jamaica, kwa mafundi mitambo kina King Tubby. Jaribu kuyasema mashairi mwenyewe juu yake, utajua kama umeyashika.

Alafu nenda Making History ya 1984 uskilize Reggae fi Radni. Radni ni Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, yule yule aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeuawa kwa bomu Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni 1980. Kama kwenu kuna mzee aliyesoma Mlimani miaka ile mpe hedifoni, mwambie ni wimbo wa Rodney, alafu kaa naye umuulize alikuwa anafundishaje.