Namna ya Kuisoma Sera ya Tamaduni Nyingi kwa Nadharia ya Baada-umuundo

Baada-umuundo ni nadharia inayoshikilia kwamba maana na utambulisho havina kiini thabiti, bali huundwa na lugha na mamlaka. Ukitaka kuisoma kwa nadharia hiyo sera ya tamaduni nyingi, yaani sera ya serikali ya kutambua na kuunga mkono tamaduni mbalimbali za wananchi, anza na sentensi moja tu ya sera. Tuchukue kauli aliyoitoa Pierre Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, bungeni nchini Kanada tarehe 8 Oktoba 1971, kwamba nchi ina lugha mbili rasmi lakini haina utamaduni rasmi. Msomaji anayefuata udenguzi wa mwanafalsafa Mfaransa Jacques Derrida, yaani usomaji unaofichua dhana zilizojificha ndani ya matini, huuliza kauli hiyo imeegemea nini na inanyamazia nini. Imeegemea dhana kwamba lugha hutengana na utamaduni wa wenyewe, ilhali mhamiaji anayeomba kazi au anayejitetea mahakamani kwa Kiingereza au Kifaransa hukutana na utamaduni huo kila anapofungua kinywa. Inawanyamazia wenyeji wa asili, ambao lugha zao zilitangulia hizo mbili.

Kisha uliza makundi yanayotajwa yalipatikanaje, na hapa usiwe na haraka. Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault alionyesha jinsi maarifa na mamlaka yanavyozaana. Fomu ya sensa huorodhesha asili za watu na papo hapo huwazoesha kujitaja kwa visanduku vilivyokwisha kuchorwa. Ruzuku ikigawiwa kwa kufuata visanduku hivyo, hujitokeza wasemaji wa kila kimoja. Andika basi ni nani aliyelichora kundi, nani amepewa usemaji, na ni nani ndani yake, pengine wanawake au vijana, ambaye sauti yake haifiki. Vitenzi navyo vichunguze. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada wa 1982 kinataja kuhifadhi na kukuza urithi wa tamaduni nyingi: anayehifadhi hukichukulia kitu kuwa kimekamilika, anayekuza hukiri kwamba bado kinaundwa.

Usiishie kubomoa. Ukidai kwamba kila utambulisho ni zao la usemi tu, yaani la namna jamii inavyozungumzia watu na mambo, unampokonya mnyonge jina analodaia haki, na wanaotaka sera ifutwe watakushukuru. Gayatri Spivak, mhakiki wa fasihi mzaliwa wa India, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba kundi linaweza kujinadi kana kwamba lina kiini kimoja, kwa lengo mahususi la kisiasa, ingawa baadaye alijitenga na jinsi wazo hilo lilivyotumiwa ovyo. Kwa hiyo, katika mapendekezo yako, zitetee haki za kundi, lakini dai pia utaratibu unaomwezesha mtu kujitaja upya, kuwa katika makundi mawili kwa pamoja, au kujitoa, bila kupoteza huduma anayostahili.