Andika ujumbe ambao mwenzako ataufanyia kazi ukiwa umelala

Mradi wangu wa kwanza wa programu na wanafunzi wa nchi nyingine ulikwama siku tatu kwa sababu ya maneno mawili. Mwenzetu aliyekuwa California aliandika, "Kuingia kumegoma," akaenda kulala. Nikaamka nikauliza: kumegoma vipi? Jibu likaja kesho yake, nalo likazaa swali jingine. Tungekuwa meza moja, tungemalizana kwa dakika kumi.

Kwa hiyo kabla hujatuma, jiulize: mtu asiye na wa kumuuliza ataanza kazi kwa ujumbe huu? Ule wetu ulitakiwa uwe hivi:

"Nikiweka nenosiri sahihi, ukurasa unarudi palepale. Seva inajibu 401. Tatizo liko kwenye tawi la akaunti tangu jana. Tawi kuu ni zima. Nimefuta vidakuzi, haikusaidia. Naomba uangalie tokeni inavyohifadhiwa. Usipoliona leo, mimi naendelea na ukurasa wa wasifu."

Sentensi ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote, maana inamwondolea mwenzako hofu kwamba anakuchelewesha. (Kama wewe ni mgeni wa programu: 401 ni seva kusema haijakutambua; tawi ni nakala ya msimbo inayofanyiwa kazi pembeni ya ile kuu; vidakuzi ni data ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari; tokeni ni alama inayoonyesha kwamba umeshaingia.)

Saa nazo zinaumiza, hasa sisi tunaosema saa tatu wakati wenzetu wanasoma tisa. Andika 18:00 UTC, yaani saa ya kimataifa isiyobadilika, na mwezi uutaje kwa jina: 03/04 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, kwa Mwingereza ni 3 Aprili. Machi kuweni macho zaidi. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi, Ulaya Jumapili ya mwisho, na katikati hapo tofauti ya Boston na Berlin hupungua kutoka saa sita hadi tano.

Kikao kimoja kwa wiki kinatosha. Zamu ya kukesha izunguke, asionewe mtu mmoja. Mkikubaliana jambo, liandikwe siku hiyohiyo kwenye faili za mradi, lisibaki kwenye gumzo.

Ajenda itumwe siku moja kabla, na kila mtu aandike maoni yake chini yake. Kuna wanaoandika Kiingereza vizuri lakini kukizungumza kunawatoa jasho. Mwenzetu mmoja hakufungua kinywa vikao vitatu mfululizo. Ni yeye aliyeandika, chini ya ajenda ya kikao cha nne, kwamba tokeni ilihifadhiwa kwa jina moja na kusomwa kwa jina jingine.