Kuchagua pawa saplai ya amplifaya ndogo: hatua kwa hatua

Amplifaya nyingi ndogo zinazoletwa mezani kwangu kwa madai kwamba zimekufa hazina ugonjwa wowote. Zinawaka, zinaimba vizuri kwa sauti ya chini, halafu besi ikipiga kwa nguvu taa inafifia, muziki unakatika, unarudi, unakatika tena. Mwenye mali anataka nibadilishe chipu. Mimi naomba kwanza nione chaja aliyokuja nayo, maana hiyo ndiyo pawa saplai yake. Mara nyingi ni kiboksi chepesi mno kilichoandikwa 24V 5A, na waya unaotoka humo ni mwembamba kama wa hedifoni. Waya ule hauwezi kupitisha ampea 5 bila kupata moto.

Mwongozo huu ni wa amplifaya za klasi D, yaani zile zisizopoteza umeme mwingi kwa joto, zinazolishwa DC ya volti moja kutoka nje, kwa tundu la duara au skrubu mbili za plasi na mainasi. Zile kubwa zenye transfoma ndani, zinazotaka volti za plasi na mainasi kwa pamoja, zina hesabu nyingine.

Hatua ya 1: Soma chipu, usisome boksi

Boksi litakuambia wati 200. Chipu ndiyo inayojua ukweli. Fungua kifuniko, angalia namba iliyoandikwa juu yake. Ikiwa imefunikwa na bati la kupozea, tafuta jina la chipu kwenye maelezo ya bodi kabla ya kuanza kubandua.

TPA3116D2 ya Texas Instruments, ambayo ndiyo imejaa sokoni, inafanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26. TDA7498 ya STMicroelectronics inataka kuanzia 14 hadi 39. TA2020 ya Tripath, ambayo bado ipo kwenye vyombo vya zamani kidogo, inaishia 14.6, hiyo mpe volti 12 tu, maana chaja ya laptop ya volti 19 inaiua papo hapo.

Sasa sogeza macho hadi kwenye kapasita kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilizo karibu na tundu la umeme. Volti zilizoandikwa juu yake ni kikomo chake. Bodi nyingi za bei nafuu huwekewa kapasita za 25V ingawa chipu inavumilia 26. Ukizilisha volti 24 umeziacha na volti moja tu ya nafasi, na kapasita haipendi kuishi ukingoni, hasa kwenye joto la pwani. Ukikuta 25V, baki kwenye volti 19 au 20. Ukikuta 35V, 24 ni halali.

Hatua ya 2: Acha spika zichague volti

Nyuma ya spika pameandikwa omu 4, 6 au 8. Kwa amplifaya za aina hii, nguvu ya juu kabla sauti haijaanza kukwaruza unaipata hivi: volti mara volti, kisha gawanya kwa omu zilizozidishwa kwa mbili. Kwa spika za omu 8, volti 12 zinatoa wati 9 kila upande. Volti 19 zinatoa kama 22, na volti 24 zinatoa 36. Kwa spika za omu 4, zidisha kila jibu mara mbili.

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana ndipo watu wanapopoteza pesa. Kutoka volti 12 kwenda 24 ni wati mara nne, yaani desibeli 6, na sikio linalisikia hilo bila kuambiwa. Kutoka 19 kwenda 24 ni desibeli 2 tu. Ukiwa na chaja nzuri ya 19, usiitupe ukanunue ya 24 ukitegemea muujiza.

Ushauri wangu kwa TPA3116: spika za omu 4, tumia 19 au 20, chipu itabaki na joto la kawaida na utapata wati za kutosha chumba chochote cha kawaida. Spika za omu 8, hapo 24 ina maana, mradi kapasita zinaruhusu.

Hatua ya 3: Hesabu ampea

Jumlisha wati za pande zote mbili, gawanya kwa 0.9 kwa sababu amplifaya ya klasi D hupoteza kama asilimia 10 kwa joto, kisha gawanya kwa volti. Mfano: volti 24, omu 8. Wati 36 mara mbili ni 72. Gawanya kwa 0.9 unapata 80. Gawanya kwa 24 unapata ampea 3.3. Nunua ya 4.5 na utakaa kwa raha.

Mfano wa pili: volti 19, omu 4. Ni kama wati 90 kwa pande zote, kwa hiyo ampea 5.3. Lakini muziki haukai juu muda wote. Unaruka na kushuka, na wastani wake uko chini sana ya kilele. Chaja ya 4.74A inatosha hapo. Ya 2A haitoshi, na ndiyo inayoleta ule mchezo wa kukatika besi ikipiga.

Wateja huniuliza kama ampea nyingi zitaunguza chombo. Hapana. Volti ndizo zinazosukumwa. Ampea chombo chenyewe kinavuta kadiri kinavyohitaji. Saplai ya 10A ya kweli yenye volti sahihi haimdhuru mtu.

Hatua ya 4: Chagua aina

Chaguo langu la kwanza kwa watu wengi ni chaja halisi ya laptop, hata iliyotumika, ya 19V 4.74A au 19.5V 4.62A, yaani wati 90. Zimetengenezwa kubeba mzigo unaopanda na kushuka, zina ulinzi ndani, na hakuna waya wa umeme mkubwa unaoguswa na mtoto. Shida yake ni plagi. Za Dell na HP nyingi zina pini nyembamba katikati ambayo ni ya mawasiliano na kompyuta, haibebi umeme wa kazi. Ukikata plagi, usiamini rangi za waya: weka mita ya kupimia umeme kwenye DC, tafuta plasi na mainasi, andika kwa kalamu, ndipo ulehemu plagi mpya. Na plagi za duara ziko mbili zinazofanana kwa nje, milimita 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5. Ya 2.5 ukiichomeka kwenye tundu la 2.1 inaingia vizuri kabisa, lakini inacheza. Pale inapocheza panaanza cheche, panapata moto, na siku moja tundu linayeyuka.

Chaguo la pili ni saplai ya bati yenye matundu, ya Mean Well au mfano wake. LRS-100-24 inatoa 24V 4.5A na LRS-150-24 inatoa 6.5A. Ina skrubu ndogo ya kurekebisha volti, kwa hiyo unaweza kuishusha hadi 22 hivi ukitaka kuipa bodi nafasi ya kupumua. LRS-150 ina swichi ndogo ubavuni ya 115 na 230. Iangalie kabla ya kuwasha mara ya kwanza, ikae kwenye 230. Tena, skrubu zake za umeme wa ukutani ziko wazi: iweke ndani ya boksi, waya wa ethi uufunge kwenye alama yake na kwenye bati la boksi, na fyuzi iwe kwenye laini, yaani waya wenye moto. Kumbuka ndani ya saplai ya aina hii kuna kapasita iliyojaa volti kama 325, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Usiifungue kwa udadisi.

Transfoma ya zamani nayo ni nzuri, ina utulivu wake, ila inataka hesabu. Mwaka mmoja nilimfungia mteja transfoma ya volti 18 kwenye bodi yenye kapasita za 25V. Kwenye karatasi ilikaa sawa: 18 mara 1.41 kupata kilele cha AC, toa 1.4 ya daraja la dayodi linaloigeuza kuwa DC, unapata 24. Nilichosahau ni kwamba transfoma ikiwa haina mzigo hupanda. Aliporudi, kapasita mbili zilikuwa zimevimba kichwa, na nilipopima bila muziki mita ikasoma karibu 27. Nilimlipia bodi mpya. Tangu siku hiyo kwa TPA3116 naweka transfoma ya volti 15, inayonipa kama 20. Kapasita za kusawazisha usizionee huruma: ukivuta ampea 3 kutoka kwenye maikrofaradi 10,000, volti zinayumba kwa takriban 3 kila wimbi. Weka 20,000 au zaidi.

Hatua ya 5: Ipe mzigo kabla ya kuilipia

Saplai yoyote inasoma vizuri ikiwa haina kazi. Mimi natembea na balbu za taa za breki za gari, za 12V 21W. Funga mbili kwa mfuatano, hiyo ni jozi moja. Kwenye volti 24 jozi moja inavuta ampea 1.75, kwenye 19 inavuta kama 1.5. Pima volti bila mzigo. Unganisha jozi ya kwanza, pima. Ongeza ya pili, pima. Ongeza moja moja, kwa sababu balbu ikiwa baridi huvuta umeme mwingi sana kwa mpigo na hata saplai nzuri inaweza kujizima.

Chaja nzuri ya 19 yenye jozi tatu inabaki juu ya 18.5. Ikishuka chini ya 18, au balbu zikianza kupepesa, iache hapohapo dukani. Ikipita, iache dakika 20 kisha iguse. Ya uvuguvugu ni sawa. Ya kukufanya uondoe mkono haraka, hapana.

Hatua ya 6: Kelele

Kabla hujailaumu saplai kwa mvumo, chomoa waya wa muziki kutoka kwenye amplifaya, iache imewaka. Ikinyamaza, kosa liko kwenye chanzo au waya wake. Kama chanzo ni kompyuta, itumie kwa betri yake bila chaja. Mvumo ukitoweka, ethi zinazungukana kati ya vyombo viwili. Dawa yake ni kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha waya za sauti, si saplai mpya.

Ikiendelea kuvuma bila waya wa muziki, chukua betri ya volti 12, ya pikipiki au ya sola, weka fyuzi ya 5A kwenye plasi karibu na betri, ulishe amplifaya (TDA7498 inataka mbili kwa mfuatano). Kukiwa kimya kabisa, saplai yako ndiyo mkosaji. Jaribio hili halina gharama na limeniepusha kubadilisha bodi nyingi zisizo na kosa.

Chaja za pini mbili zina jambo jingine: ukigusa bati la amplifaya unahisi kamtetemo. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayovujisha umeme kidogo kutoka upande wa ukuta. Chaja ya pini tatu kwenye soketi yenye ethi ya kweli inaondoa hilo, ingawa wakati mwingine ndiyo inayoleta ule mzunguko wa ethi niliousema.

Hatua ya 7: Funga na uwashe

Waya kutoka saplai hadi amplifaya uwe mfupi na mnene. Waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 2 unakula karibu nusu volti kwenye ampea 5, wa 1.5 unakula robo. Pima plasi na mainasi kwenye ncha ya plagi mara ya mwisho, kwa mkono wako, hata kama ulishapima jana. Bodi nyingi hazina ulinzi ukigeuza plasi na mainasi, na kosa hilo linachukua chini ya sekunde moja.

Washa sauti ikiwa chini kabisa. Weka wimbo wenye besi unaoujua vizuri, panda taratibu mpaka pale unapokaaga siku zote, na acha mita ikiwa kwenye waya wa umeme. Besi ikipiga, namba isicheze zaidi ya nusu volti.