Anza na monita: namna ya kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu

Mtu akija kutaka nimuundie kompyuta ya gemu, karibu kila mara huanza na jina la kadi ya picha aliyoiona YouTube. Mimi humrudisha kwenye monita. Kazi ya kadi ni kujaza kioo. Usipojua kioo chako kina ukubwa gani huwezi kujua kadi ipi inakutosha, na prosesa, pawasaplai na keisi utavinunua kwa kubahatisha.

Piga hesabu. Monita ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2.07. Ya 1440p, yaani 2560 kwa 1440, inafika milioni 3.69. Ya 4K ni milioni 8.29, mara nne kamili ya 1080p. Kadi inazichora zote upya kwa kila fremu, kwa hiyo kadi inayokimbia vizuri kwenye 1080p inaweza kutambaa kwenye 4K bila kuwa na ubovu wowote. Halafu kuna Hz, yaani mara ambazo kioo kinabadilisha picha kwa sekunde. Monita ya 60Hz inabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, ya 144Hz kila baada ya 6.9. Anayecheza Counter-Strike 2 anauona utofauti huo dakika ya kwanza tu, anapogeuza kamera haraka na adui anabaki kuonekana badala ya kuwa ukungu.

Mfano ni mdogo wangu mmoja wa Temeke niliyemuundia mashine hivi karibuni. Alikuwa na monita ya ofisini ya 1080p, 60Hz, na hela aliyokuwa amejikusanyia alitaka aimalizie yote kwenye kadi. Anacheza Counter-Strike 2 na EA FC na wenzake, na usiku akiwa peke yake anaingia Cyberpunk 2077. Nilimwambia wazi: ukiichomeka kadi hiyo kwenye kioo hicho, inaweza kutoa fremu 150 kwa sekunde lakini wewe utaonyeshwa 60. Tukagawa bajeti upya. Akachukua monita ya inchi 27, 1440p, 165Hz, na kadi ya ngazi moja chini ya ile aliyoitamani.

Inchi 27 na 1440p vinaendana. Ukinunua inchi 27 ya 1080p na unakaa karibu na meza, herufi zinaonekana na vinundunundu, kwa hiyo 1080p ibakie kwenye inchi 24. Kwa aina ya kioo, mimi nawapa watu IPS: rangi nzuri, na ukiangalia kwa pembeni picha haififii. VA ina weusi mzuri zaidi, lakini nyingi za bei nafuu huacha kivuli nyuma ya kitu kinachokimbia gizani, jambo linalokera kwenye gemu za usiku. OLED ni tamu kuliko zote, ila ina hatari ya alama kuganda kwenye kioo, na kwa mtu ambaye mchana anafanya kazi za Excel kwenye monita hiyohiyo simshauri. Hakikisha pia ina FreeSync au inaendana na G-Sync, ili Hz za kioo zifuate fremu za kadi na picha isikatike katikati.

Dukani usikubali kupewa boksi lililofungwa ukaondoka. Omba iwashwe, iwekewe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu, na upitishe macho taratibu kona hadi kona. Pikseli iliyokufa inaonekana kama kidoa kisichofutika. Angalia na nyuma: unataka tundu la DisplayPort. HDMI ya toleo la zamani ikikutana na 1440p mara nyingi inakomea 60Hz au 75Hz, na mtu anarudi nyumbani akidhani ameuziwa monita feki.

Sasa kadi. Katika kila shilingi mia ya kompyuta yenyewe, ukiacha monita, mimi naziacha kama arobaini kwa kadi ya picha. Kitu cha kwanza ninachosoma ni kumbukumbu yake. RX 9060 XT na RTX 5060 Ti, zote za 2025, zinauzwa kwa GB 8 na kwa GB 16 zikiwa na jina lilelile, kwa hiyo soma boksi kwa makini. Kwa 1440p chukua ya 16. Gemu nzito za sasa zikijaza GB 8, mchezo unaanza kukwamakwama hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Kwa 1080p na gemu za mashindano, GB 8 bado inafanya kazi, na RX 6600 ya mtumba inakutosha.

Kadi ya mtumba usiinunue bila kuiona ikifanya kazi. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Inakusomea chipu iliyomo ndani na si stika iliyobandikwa juu. Kuna RX 580 nyingi zenye viini 2048 badala ya 2304 vya RX 580 kamili, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Muuzaji akikataa kuiwasha, shukuru na uende duka la pili.

Prosesa isikuumize kichwa. Ryzen 5 7600, yenye kori 6, inatosha kwa kadi nilizotaja, na inakaa kwenye soketi ya AM5, kwa hiyo miaka ijayo unabadilisha prosesa tu na mazabodi inabaki. Lakini AM5 inataka RAM ya DDR5, na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa dunia nzima kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye seva za akili mnemba. Kama nyumbani una mazabodi ya AM4 (soketi iliyotangulia AM5) na RAM ya DDR4 ya GB 16 inayofanya kazi, usiitupe. Weka Ryzen 5 5600, sasisha BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) kwanza, na hela iliyobaki iende kwenye kadi. RAM nunua vipande viwili vinavyofanana, uviweke kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kipande kimoja cha GB 16 kinafanya kazi polepole kuliko viwili vya GB 8. SSD, diski ya kuhifadhia gemu, chukua NVMe ya TB 1.

Nikae zaidi kwenye pawasaplai, maana hapa ndipo watu wanapobania, na umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo. Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Geuza ubavuni, tafuta jedwali dogo, angalia safu ya +12V na uzidishe ampea kwa 12. Niliwahi kuletewa moja imeandikwa 500W, safu ya 12V ina ampea 18. Kumi na nane mara kumi na mbili ni wati 216. Hizo ndizo zinazoweza kulisha kadi na prosesa, na hazitoshi. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 itaonyesha kama ampea 45. Nyuma pia usikute ile swichi nyekundu ya kuchagua volti, 115 au 230. Mara nyingi ni alama ya muundo wa zamani wa bei rahisi. RX 9060 XT ya GB 16 inakula kama wati 160, Ryzen 5 7600 haifiki 90, kwa hiyo wati 600 hadi 650 yenye 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza umeme mwingi) inakupa nafasi ya kupumua.

Ongeza UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, na hapo pia soma wati, siyo VA (volti-ampea, si ile VA ya kioo). Nyingi za 650VA hazifiki wati 400, na humo unajumlisha monita. Hutaki kuendelea kucheza umeme ukikatika. Unataka dakika chache za kuseva na kuzima vizuri.

Wanaotaka kutumia kompyuta za mtumba za ofisini, OptiPlex au EliteDesk, wajue kwamba nyingi zina pawasaplai ya umbo lake lenyewe isiyo na waya wa kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa wati 75 tu, kwa hiyo tafuta RTX 3050 ya GB 6 isiyohitaji waya, tena ile fupi kama keisi ni nyembamba. Pima kwa rula kabla ya kulipa.

Keisi iwe na matundu mbele. Vioo vitupu mbele vinapendeza, lakini kwa joto la Dar mwezi wa pili vinageuka tanuri. Feni mbili zivute hewa mbele, moja itoe nyuma, na chujio la vumbi liwe linachomoka kirahisi ili ulioshe.

Ukishaunganisha, kebo ya monita ichomeke kwenye kadi, chini, siyo kwenye mazabodi juu. Ingia BIOS uwashe EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, au XMP kama ni DDR4, la sivyo RAM uliyoinunua ya kasi ya 6000 itakimbia kwa kasi ya chini. Kisha fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows uchague 165Hz mwenyewe, maana mara nyingi inaanza na 60. Mwisho, acha gemu nzito ikimbie saa nzima huku unaangalia joto la kadi. Nyuzi 70 hadi 80 ni kawaida. Ikifika 90, fungua ubavu wa keisi: ikishuka ghafla, tatizo ni hewa, ongeza feni. Isiposhuka, kadi irudi dukani na risiti yake kabla waranti haijaisha.