Somo: Kutuliza maumivu ya hedhi kwa mashine ya TENS

Dada zangu, wengi mnaonijia hapa Lamu mnaniambia mlishaijaribu mashine hii, kijimashine kinachopitisha umeme mdogo ngozini kwa vibandiko, na haikuwafaa. Nikiuliza mliipandisha hadi wapi, jibu ni moja: iliposikika inatekenya tu, mkaiacha hapo. Basi leo tuifuate hatua kwa hatua.

Kabla ya yote, pimwa. Maumivu yanayozidi kila mwezi, damu kupita kawaida, homa, au tumbo kuuma hata nje ya siku zako, hayo ni ya hospitali, na King Fahd iko hapa hapa kisiwani. Mwenye mimba, kifafa au kifaa cha kuongoza moyo asiitumie bila ruhusa ya daktari.

1. Osha tumbo kwa sabuni, ukaushe. Penye mafuta ya nazi au jasho kibandiko hushika nusu, na umeme huchoma mahali pamoja.

2. Mashine ikiwa imezimwa, bandika vibandiko viwili chini ya kitovu, kushoto na kulia, visigusane. Wako wanaopata nafuu zaidi kiunoni, kwa nyuma.

3. Weka mipigo 80 hadi 120 kwa sekunde. Kwenye kioo ni Hz.

4. Pandisha nguvu kidogo kidogo mpaka usikie mtetemo mkali usiouma. Mwili ukiuzoea, pandisha tena. Msiruke hapa! Ukijigonga goti, mkono hukimbilia kulisugua, kwa sababu neva za mguso huzibia maumivu njia kwenye uti wa mgongo. Wanasayansi Melzack na Wall walilieleza jambo hili mwaka 1965. Mtetemo dhaifu hauziamshi neva hizo vya kutosha.

Dakika 20 hadi 30 zatosha. Zima kwanza, ndipo ubandue.

MASWALI

Kutoka Shela: Somo, naweza kuitumia pamoja na ibuprofeni?
Waweza, dada. Ila mwenye vidonda vya tumbo aiepuke ibuprofeni, humzidishia.

Kutoka Matondoni: Mwanangu wa miaka 13 tumbo lamuuma miezi sasa, vipimo vyote safi. Nimbandike?
Pole, mama. La, usimbandike. Marekani, mwaka 2019, kiliruhusiwa kifaa kingine kwa vijana wa miaka 11 hadi 18 wenye maumivu ya utumbo nyeti. Mtaalamu hukiweka nyuma ya sikio, vijisindano vikiingia sikioni, siku 5 kila wiki kwa wiki kadhaa. TENS ya nyumbani si hiyo, na vibandiko vyake visiwekwe sikioni wala shingoni. Mrudishe kwa daktari wa watoto, mzungumze pia habari za chakula, choo na wasiwasi wa shule.