Mbuzi Akizaa, Mwacheni Amlambe Mwanawe

Mfugaji wa Ganda au Jilore, huku Malindi, akimwona mbuzi anampiga kichwa mwana aliyemzaa mwenyewe, aghalabu husema kwamba mbuzi huyo ana roho mbaya. Mara nyingi kosa si la mbuzi. Mwana alipozaliwa aliokotwa upesi, akapanguswa kwa kitambaa na kupelekwa jikoni apate joto, na aliporudishwa zizini baada ya saa mbili mamake hakumjua tena.

Mwaka 1935, Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Austria, alieleza jinsi vifaranga wa bata bukini wanavyoshikamana na kiumbe wa kwanza wanayemwona akitembea baada ya kuanguliwa. Ndiyo maana vifaranga wa bata walioatamiwa na kuku humfuata kuku, ingawa yeye hayataki maji wanayoyakimbilia. Kwa mbuzi, anayewahi kushikamana ni mama, na kinachomshika ni harufu. Kule kuzaa kwenyewe humfanya, kwa muda mfupi tu, awe tayari kujifunza harufu ya mwana anayemlamba. Peter Klopfer na wenzake walionyesha nchini Marekani, mwaka 1964, kwamba dakika 5 za kuwa pamoja mara baada ya kuzaa zinatosha mama amkubali mwanawe hata wakitenganishwa kwa saa kadhaa, ilhali wengi walionyang'anywa wana wao kabla ya kuwagusa waliwakataa.

Kwa hiyo, safisha pua na mdomo wa mwana ili apumue, kisha ondoka. Mvua ya masika ikinyesha zizini, wahamishe mama na mwana pamoja. Wakizaliwa pacha, hakikisha kila mmoja amelambwa, kwa kuwa mama huweza kumshughulikia wa kwanza akamsahau wa pili. Dawa ya kitovu ipakwe baada ya kulambwa, na dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, inyonywe ndani ya saa 6 za kwanza.

Aliyekwisha kukataliwa ana kazi: mfunge mama kamba fupi na umshike mara kadhaa kwa siku mwana anyonye, kwa siku nyingi ikibidi. Yatima ni rahisi zaidi iwapo yupo mbuzi anayezaa saa hiyo hiyo, kwani akipakwa maji ya uzazi ya mbuzi huyo huweza kupokelewa kama wake. Asipopatikana, mnyweshe kwa chupa, lakini alale na wenzake, hasa akiwa dume, kwa sababu beberu aliyelelewa na watu peke yao huja kuwapiga pembe watu hao hao.