Namna ya Kukidai Kigango Kilichoibwa Mpaka Kirudi Nyumbani

Kigango si pambo. Kwa Wagiriama na jamaa zao wengine wa Mijikenda, wa pwani ya Kenya, ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, yaani chama cha wazee wenye heshima, na kusimamishwa nyumbani kwao ili koma yake, yaani roho yake, ipate pa kutulia. Hufungwa vitambaa, humwagiwa pombe ya mnazi, na haing'olewi hata familia inapohamia shamba jingine. Familia nyingi zilizoibiwa husema kwamba tangu siku ile magonjwa na ukame havikuwaacha, na mtu anayetaka kuzisaidia hana budi kuanza kwa kulichukulia neno hilo kwa uzito wake.

Jambo la kwanza ni ushahidi, nami nitakaa hapa zaidi kwa sababu ndipo madai mengi yanapokwama. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa upande wa Kaloleni akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, Udvardy alikitambua kimoja katika picha zilizoonyeshwa na mwenzake Linda Giles, nacho kilikuwa katika makumbusho ya Illinois State University. Cha pili kikaja kupatikana Hampton University, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa, kimoja mwaka 2006 na kingine 2007. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Bila picha ile moja, familia ingebaki na maneno matupu mbele ya taasisi yenye mawakili.

Kwa hiyo, kama vigango vyenu bado vimesimama, vipigeni picha leo, mbele, nyuma na ubavuni, kwa ruhusa ya wazee na kwa kufuata masharti yao. Pigeni kwa karibu mistari ya pembetatu iliyochongwa kifuani, nyufa za mti, na hasa sehemu ya chini iliyoliwa na udongo na mchwa, kwa maana michoro hufanana lakini hakuna nguzo mbili zinazooza kwa namna moja. Kama kimeshaibwa, piga ripoti polisi na utunze nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, hata kama wizi ni wa miaka mingi iliyopita. Kisha waombe wazee wa Gohu na majirani waliokiona waeleze kilikuwa cha nani, kilisimama wapi na kilitoweka lini, na maelezo hayo yaandikwe katika hati ya kiapo mbele ya wakili.

Kukitafuta kunahitaji subira. Makumbusho mengi ya ng'ambo yameweka picha za mikusanyo yao kwenye intaneti, na nyumba za mnada huchapisha orodha zao. Tafuta pia kwa tahajia za zamani kama Giryama. Ukikiona, usikimbilie kutangaza, kwani kigango kilicho mikononi mwa mnunuzi binafsi kinaweza kufichwa kabla barua yako haijafika.

Barua ya kwanza na iwe ya kuuliza: nambari yake ya usajili, mwaka kilipoingia, nani alikitoa au kukiuza, na kuna hati gani ya kutoka Kenya. Ya pili ndiyo ya kudai, nayo inafaa iandikwe na familia na kupitishwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kuwa taasisi za nje hupenda kushughulika na taasisi ya serikali. Jifunzeni pia sheria inayowabana wanaodaiwa. British Museum, inayoshikilia ngoma ya Ngadji ya Wapokomo, hujikinga kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inayoizuia kutoa vitu vyake ila katika hali chache sana. Makumbusho ya vyuo vya Marekani hayafungwi hivyo, na mengine yamerudisha vigango kwa sababu ya maadili tu, bila amri ya mahakama.

Wakikubali, msidhani kazi imeisha. Makumbusho ya Denver, Marekani, yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, lakini vilifika Kenya mwaka 2019, na hata hapo vikakwama uwanja wa ndege kwa madai ya ushuru. Kubalianeni mapema kwa maandishi nani atalipa usafirishaji na bima, na barua ya msamaha wa ushuru ipatikane kabla sanduku halijapakiwa ndegeni. Ulizeni vilevile kilipuliziwa dawa gani, maana makumbusho ya zamani yalitumia sumu kama aseniki kuzuia wadudu, na kigango chenu kitashikwa kwa mikono mitupu.

Siku ya kukipokea, hati ya makabidhiano itamke wazi kwamba mali ni ya familia, hata kama mmeamua kihifadhiwe kwingine kwa usalama. Namna ya kukisimamisha ni juu ya wazee, na mgeni asiwaharakishe. Kabla mguu wake haujafukiwa tena, kipigeni picha upya pande zote, na nakala zikae kwa watu watatu tofauti.